Maharagwe Yasiyochemka

Karakana ya Mapazia,
Ghorofa ya kwanza, mlango wa pili,
Jumatano, tarehe 14.

Mpendwa Dada yangu,

Hujambo? Shemeji naye hajambo? Na wanangu wawili, Kijino na yule mkubwa wake anayejiita injinia, wanaendeleaje na baridi ya huko? Goti lako je? Nijibu la goti kabla ya mengine yote, maana barua mbili zilizopita umeliruka, na mimi nakujua: ukinyamazia kitu, ujue kinauma.

Sisi huku tu wazima. Neno hilo nimelifuta nikaliandika upya, kwa sababu ni la kweli, ila tumelifikia kwa kuzunguka mbali. Hii ni karatasi ya tatu. Ya kwanza niliichana. Ya pili niliisahau kwenye meza ya kukatia vitambaa, na Bibi Rula, yule bosi wangu anayetembea na rula ya mbao kwapani hata akienda chooni, akaitumia kupimia pindo. Sasa hivi ni mapumziko ya mchana, wenzangu wanakula, na mimi naandika nimesimama, karatasi juu ya cherehani. Siku hizi nikikaa kwenye kiti naona kama nimekalia siafu.

Kwanza asante kwa chungu cha umeme. Kilifika salama, hata kifuniko chake cha kioo hakikupata ufa. Ulifanya vizuri kukifunga kwa mablanketi ya watoto. Mablanketi nayo tumeyabakiza. Kijitabu chake kina lugha sita na hakuna hata moja ninayoisoma bila kukwama, basi nilifuata maneno yako: weka vitu asubuhi, zungusha kitufe kwenye moto mdogo, nenda kazini, ukirudi kimeiva.

Unajua kwa nini tulikihitaji. Mwaka jana Baba alisahau sufuria jikoni mpaka kitako chake kikashikana na jiko, na tangu siku hiyo Kaka akawa hana wimbo mwingine: mzee asiguse moto, mzee asiguse moto. Mtu aliyewapikia wanafunzi mia sita wa shule ya bweni kwa miaka thelathini na moja, anyimwe kiberiti kama mtoto! Nikaona chungu chako kimekuja kutupatanisha. Hakina ndimi za moto, hakiungui, hata kikisahauliwa.

Baba alikipokea kwa adabu zote. Alikipa jina, Bwana Polepole. Siku ya kwanza alikitegea sikio muda mrefu, kisha akaniambia, "Mwanangu, hiki hakipiki. Kinabembeleza." Tukacheka. Supu ya mifupa ilitoka vizuri kabisa, nyama ikatoka vizuri, na mimi nikaanza kujiona mpishi. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Ngoja, nimechungulia dirishani kidogo. Kuna lori chini linapakua mabomba ya mapazia na nilidhani ni Kaka na gari lake la kazi. Si yeye.

Wifi yako ana mimba ya miezi saba. Nadhani Kaka ameshakwambia. Ambalo huenda hakukwambia ni kwamba mimi na mkewe tulikuwa hatusemezani tangu nilipomshonea mapazia ya sebuleni akayarudisha mbele ya watu, akisema yamepungua shubiri moja na madirisha yake yamevaa kaptula. Dada, niliyapima mara tatu. Lakini maneno ya kaptula yalienea, hata Bibi Rula alicheka. Miezi minane nikipishana naye kama kivuli na jua.

Basi mwishoni mwa mwezi uliopita Kaka akaniambia mkewe anatamani maharagwe mekundu, mazito, ya kupikwa nyumbani kwetu. Nikajua ni mkono wa amani. Nikawaalika chakula cha mchana, Jumapili tarehe 28.

Jumamosi niliyachambua, nikayaloweka. Jumapili saa kumi na mbili asubuhi nikamwaga maji ya kulowekea, nikayatia kwenye chungu na maji mapya, vitunguu na nyanya, moto mdogo. Baba akatokea mlangoni na shuka begani.

"Umeyachemsha kwanza?"

"Chungu kinachemsha chenyewe, Baba."

"Hicho? Hicho hakitoi hata povu. Maharagwe mekundu lazima yarukeruke kwanza, mwanangu. Yapige kelele. Ndipo uyaache yapole."

Nikamwambia, na sauti yangu bado naisikia, "Baba, zama za kuni zimepita. Nenda ukapumzike." Akanitazama kidogo, akaenda. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tulikaririshwa hivyo utotoni. Sikudhani guu lenyewe lingekuwa la mtu mwingine.

Asubuhi ile sikutulia. Kila baada ya dakika kumi nilikuwa nafungua kifuniko kuchungulia, na kila nikifungua joto linatoka. Saa saba yalikuwa yamevimba vizuri, mekundu yanang'aa, mchuzi una harufu ya kumtoa nyoka pangoni. Mimi nilikuwa nimeng'olewa jino Ijumaa, shavu limejaa pamba, nilikuwa naishi kwa uji tu. Nilionja mchuzi kwa ncha ya kijiko, nikaridhika. Harage lenyewe sikulitafuna hata moja. Weka hilo moyoni, ndiyo sehemu inayonikosesha raha.

Walikuja, wakala. Wifi aliongeza sahani ya pili. Nilimwona Baba akitafuna polepole, akanyanyua macho kwangu, akayashusha, akaendelea kula. Wifi akaangalia madirisha yetu akasema, "Haya ya kwenu yamevaa suruali kamili, eti?" Tukacheka wote, hata mimi na shavu langu. Dada, nilifurahi. Nilienda jikoni kuchukua maji nikasimama pale nikitabasamu mwenyewe kama mwehu.

Saa tisa na nusu Wifi aliinuka ghafla, mkono mdomoni. Hakufika chooni. Tukadhani ni mimba. Haikupita robo saa Kaka naye akawa anashikilia ukuta wa uani, anatapika mpaka machozi. Kisha Baba. Nilikuwa nakimbia na beseni kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na sikujua nimwinamie nani. Wifi akaanza kushika tumbo na kusema, "Mtoto hachezi, mtoto hachezi." Jirani yetu dereva teksi, yule mnene, hakuuliza hata neno, alitandika magazeti kwenye viti akatupakia sote.

Hospitali walimchukua Wifi kwanza, wakamtundikia dripu. Sisi watatu tukabaki kwenye benchi la korido. Daktari, mwanamke mdogo kuliko mimi, akaja na karatasi yake akauliza tumekula nini, na nani alipika.

Kaka akageuka. Uso wake ulikuwa mweupe kama chaki. Akaniangalia kuanzia miguuni mpaka kwenye shavu.

"Wewe mbona mzima?"

Jibu nilikuwa nalo, jino, pamba, uji, lakini sikulitamka. Nikaona anachokiona: miezi minane ya ugomvi, mwaliko wa ghafla, mkewe ndani kwenye dripu, na mpishi amesimama wima na beseni.

Ndipo Baba akasema kutoka mwisho wa benchi, kichwa kimeinama, "Mimi ndiye niliyepika."

Kaka akamgeukia. Baba akaendelea, akimwambia daktari: ameyaweka kwenye chungu cha umeme saa kumi na mbili, kwa moto mdogo, hakuyachemsha, amesahau. Alisema "nimesahau", Dada. Akaeleza kila nilichofanya kana kwamba mikono yangu ilikuwa yake.

Daktari akatikisa kichwa. Akasema maharagwe mekundu yana sumu yake ya kuzaliwa nayo, na sumu hiyo haifi mpaka yachemke kweli kweli, dakika kumi kwa uchache, nusu saa ni bora. Chungu kile kwa moto mdogo huyalainisha tu bila kuichoma sumu, na yakipata joto la nusunusu huwa mabaya kuliko hata mabichi.

Nami nikanyamaza. Nilimwacha Baba aseme na nikanyamaza.

Bibi Rula amerudi kutoka kula. Amenikuta nimesimama na kalamu, akaniuliza kama nahesabu pindo au madhambi. Nimemwambia pindo.

Nikutulize moyo: baada ya saa chache kutapika kulikwisha. Walimbakiza Wifi mpaka kesho yake kwa ajili ya mimba tu. Walipomwekea kile kipaza sauti tumboni tukasikia moyo wa mtoto unakwenda mbio kama farasi, Kaka aliegemea mlango akalia bila kujificha. Mtoto yu salama. Nimeandika kwa herufi kubwa moyoni: YU SALAMA.

Jumatatu jioni nilimfuata Baba uani. Nikamwuliza kwa nini. Alikuwa anavua viatu, akili zake timamu kabisa siku hiyo, Dada, timamu kuliko zangu.

"Mimi nimepika miaka thelathini na moja," akasema. "Nikiitwa mpishi mbaya siku moja, sitakufa. Wewe ukishaitwa mtu aliyetaka kuua mtoto wa kaka yako, kaka hutakuwa naye tena. Basi, yamekwisha, usiyafukue."

Lakini hayakuwa yamekwisha. Jumanne Kaka alikuja na gari la kazi. Unajua ufundi bomba ulivyomfanya: akiona kinachovuja hawezi kulala. Alifungua mtungi wa gesi akaondoka nao. Akasema Jumamosi ya tarehe 10 atakuja kumchukua mzee, atamweka chumba cha nyuma kwake, atakula atakachopikiwa. Na akaanza kuongea na Baba kwa sauti ya juu, neno moja moja: "Ba-ba, u-me-e-le-wa?" Baba aliyekuwa akimfundisha hesabu kwa punje za mahindi! Majirani nao wakawa wanapita kutoa pole, na kila anayetoka anasema, "Uzee jamani, uzee." Mimi nawafungulia mlango, nawashukuru.

Baba hakuingia tena jikoni. Alikaa kwenye kiti cha plastiki ukumbini, mikono magotini, akitazama ukuta. Nilichemsha maji ya chai kwa birika la umeme nikampelekea. Kazini nilishona mapazia ya hoteli nzima, jozi ya nne juu chini. Kila asubuhi nilijiapiza leo nasema. Kila jioni nilipata sababu: Wifi apate nguvu kwanza, Kaka apoe kwanza, mwezi ugeuke kwanza. Siku kumi na moja, Dada. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeyaficha kwenye mwili wa mzee wangu.

Alhamisi nilimwomba Bibi Rula ruhusa saa nane, nikaenda kwa Kaka kwa miguu ingawa ni mbali, kwa sababu ndani ya gari ningekuwa nimekaa. Wifi alikuwa sebuleni, miguu juu ya stuli. Kaka alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, spana bado mkononi. Sikukaribishwa kiti, wala sikukitaka.

Nikasema, "Maharagwe nilipika mimi. Baba aliniambia niyachemshe, nikamfukuza jikoni. Sikuugua kwa sababu sikuyala, jino lilikuwa limeng'olewa. Baba alinikinga."

Kaka akaweka spana mezani taratibu mno. "Nimemnyang'anya mzee moto wake," akasema. "Nimemsemesha kama kiziwi. Siku kumi na moja, na wewe unaangalia."

"Ndiyo."

"Maharagwe ningeyasamehe palepale."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hilo la sauti ya chini sikuwa nimejiandaa nalo.

Wifi ndiye aliyenishangaza. Alisema, "Mimi nilijua." Kaka akamgeukia. "Niliuma moja likawa gumu katikati," akasema. "Nikafikiri ni langu tu. Baadaye nikawaza, mpishi wa miaka thelathini hawezi kuleta mezani harage gumu hata akisahau jina lake. Nikasema nisubiri, wifi yangu atakuja mwenyewe." Kisha akaongeza, akiwa anatazama chini, "Na ile siku ya mapazia nilipima nikiwa nimeshika futi ya kupimia kinyume. Nami nilikuwa nasubiri nikwambie."

Tuliondoka sote watatu jioni ileile, mtungi nyuma ya gari.

Kaka aliufunga mwenyewe, akapaka povu la sabuni kwenye kiungo kuona kama pana mvujo, akapaka tena pasipo haja. Alikuwa anatafuta maneno, unamjua. Hatimaye akachuchumaa mbele ya kiti cha Baba. Akasema, kwa sauti yake ya kawaida, "Baba, nisamehe. Tumejua ukweli. Hukupika wewe."

Baba akamtazama kwa upole.

"Nilipika mimi," akasema.

Nikachuchumaa na mimi. "Baba, tumeshasema. Huna haja ya kunikinga tena. Nilipika mimi, uliniuliza kama nimeyachemsha, nikakujibu vibaya."

Akaniwekea mkono kichwani. "Mwanangu, una roho nzuri. Lakini usijitwike la kwangu. Niliyaweka saa kumi na mbili. Nikasahau kuyachemsha." Na machozi yakamtoka. "Karibu nimuue mjukuu wangu."

Tukatazamana, Kaka, Wifi na mimi. Hakuwa anaigiza, Dada. Jumatatu ile alijua alichokifanya na kwa nini. Lakini siku kumi na moja za kukaa na ule ukuta, na majirani wanasema uzee, na mwanawe anamsemesha silabi moja moja, na binti yake anapokea pole, zilitosha. Uongo aliousema kwa ajili yangu ulikuwa umehamia ndani yake ukafunga mlango. Ningesema siku ya kwanza, ungekuwa bado uko mdomoni tu.

Hii ndiyo habari niliyotaka uisikie kwangu kabla hujaisikia kwa mtu. Nitukane ukitaka. Kaka hanitukani, na hilo linanitesa zaidi.

Tumekubaliana hivi: Baba anabaki nyumbani na jiko lake. Mimi nipo naye akiwasha, na nikiwa kazini Wifi anakuja na mto wake wa mgongoni kukaa naye. Jumatatu ijayo Kaka na mimi tunampeleka kwa daktari anayejua mambo ya kusahau. Naogopa atakachosema. Chungu chako hatukukitupa. Kosa halikuwa lake wala lako, na nakuomba usilichukue hata kidogo. Na kama unapika mekundu huko, yaloweke, mwaga maji, yachemshe kwenye sufuria ya kawaida mpaka yarukeruke nusu saa, ndipo uyahamishie humo.

Kila siku namwambia Baba tena. Kuna siku anakataa, kuna siku anakasirika, kuna siku ananibembeleza mimi. Leo asubuhi alikuwa amesimama jikoni na mwiko, maharagwe yanaruka kwenye sufuria, povu limepanda, uso wake umelowa mvuke, na nikamwambia kama kawaida: "Baba, yale ya siku ile nilipika mimi."

Alifikiri. Alifikiri sana, mpaka nikanyoosha mkono kupunguza moto.

"Wewe unasema wewe, mimi nasema mimi," akasema. "Basi tugawane. Nusu yako, nusu yangu. Haya, shika mwiko, na mimi nimechoka."

Nikaushika, nikakoroga.

Msalimie sana Shemeji, na wanangu wabusu mashavu yote manne. Kaka anakusalimu, anasema atapiga simu Jumapili, na safari hii kweli. Wifi anakusalimu yeye na aliye tumboni. Dereva teksi naye kaniomba nisimsahau. Baba anakuombea usingizi mwema na kazi isiyokuchosha. Ukimpigia, usianze na maharagwe. Muulize aliwezaje kugawa sufuria moja kwa mabweni manne, utamsikia sauti inavyorudi ujana.

Mungu akulinde ulipo, akufungulie njia ya kuja tukuone, na asikupe kamwe jambo la kunyamazia.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda kwa moyo wote,
Fundi wa mapazia